Kuku wa Jina

Nina kuku mmoja hapa nyumbani Mkomaindo, Masasi, ambaye hachinjwi wala hauzwi. Wajukuu wanamsimanga, na jirani yangu kila sikukuu ananiuliza kama bado ninaye. Juzi alikuja binti mmoja anayesomea ualimu, akaniomba nimsimulie kazi yangu. Akaketi barazani, akamtazama yule kuku, akaniuliza, "Bibi, na huyu naye amestaafu?" Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, halafu nikaona machozi hayakomi. Nikamwambia aende, nitaandika. Basi haya ndiyo niliyomwahidi, na nayaandika kwa ajili yenu wote mnaoshika chaki sasa, hasa ninyi mtakaopewa kufundisha watoto wa watu msiofanana nao.

Mimi nilifundisha watoto wa wamisheni. Watu wakisikia hivyo wanadhani nilikuwa nakula siagi kwa kijiko. Nilizaliwa Lulindi, nikasomea ualimu, nikapangiwa shule ya msingi yenye watoto tisini darasani, na nilikuwa naridhika. Kisha misheni moja ya huko juu, upande wa Newala, ikatafuta mwalimu wa kuwafundisha watoto wa wazungu Kiswahili, hesabu na maarifa ya nchi. Lugha yao walifundishwa na mama zao. Kutoka watoto tisini nikapewa sita: wa daktari, wa muuguzi, na wa fundi wa visima. Wiki ya kwanza niliona kimya cha darasa lile kitaniua.

Darasa lenyewe lilikuwa baraza ya nyumba ya daktari. Vitabu vilitoka kwao kwa meli, ndani ya makasha, na havikuwahi kufika kwa wakati wake. Vya darasa la tatu vilifika watoto wakiwa la nne. Nilijifunza kutovisubiri. Wakati wa masika ukungu wa Newala unaingia mpaka ndani ya nyumba, ubao unalowa, chaki inateleza bila kuandika. Nikawa navunja betri kuukuu za redio, natwanga ule weusi wake, nachanganya na majani mabichi, nasugua ubao jioni ili asubuhi uwe umeshika. Mikono yangu ilikuwa myeusi mpaka Jumapili kanisani. Leo mna ubao mweupe na kalamu zake, lakini kalamu ikikauka mnakaa mnatazamana.

Jambo jingine: mtoto wa kigeni akikosea adabu usimkaripie mbele ya mama yake. Mngojee. Mtoto wa muuguzi alikuwa akimwamkia kila mwenye ndevu, akamwamkia na beberu. "Shikamoo!" Mimi nikaitika kwa niaba ya beberu, "Marahaba," tukaendelea na somo. Kesho yake nikamweleza taratibu, na hakurudia tena.

Hesabu za maji ndizo zilizonishinda. Vitabu vyao vilitaka watoto wapime lita kwa kumimina maji huku na huku. Huko juu maji ni ya kuteremkia bondeni au kupangia foleni, nani atamwaga lita nne ili ajue kuwa ni nne? Nilitumia mtama. Tulipima lita kwa mtama, robo lita kwa mtama, na mwisho wa kipindi mtama ukarudi jikoni. Ukaja mtihani kutoka kwao, na swali moja lilisema mtu amefungulia maji kwenye beseni la kuogea, bomba moja likijaza na tundu moja likitoa, litajaa lini? Watano walihangaika na tarakimu. Wa sita, Liza, binti wa daktari, aliandika kwa Kiswahili: "Halitajaa. Na huyo mtu asemwe na wazee." Huko kwao wakamkosesha. Kwenye daftari langu mimi nilimpa vema, na sikujuta.

Huyo Liza ndiye ninayetaka kuwaambia habari zake.

Alizaliwa hukohuko misheni. Kiswahili alikisema kama watu wa juu, "ntoto" na "nkubwa", mpaka mama yake akanilalamikia. Rafiki yake alikuwa binti wa jirani, nyumba tatu kutoka kwa daktari, jina lake Mavumbi. Msishangae jina. Mama yake alizika wawili kabla yake, akampa huyu jina baya ili kifo kikipita kimwone hana thamani, kimwache. Na kikamwacha kweli. Alikuwa mtoto mwembamba, mcheshi, anayejua kupanda mkorosho mpaka kwenye tawi ambalo hata wavulana waliliogopa. Mchana darasa likiisha utamkuta kwenye ngazi za baraza anamsubiri Liza, na mabibo ndani ya kanga. Walikula mabibo mpaka nguo za Liza zote zikawa na madoa yale ambayo hayatoki kwa sabuni yoyote mliyonayo.

Watoto wa wamisheni wana siku yao, na kila mwalimu wao anaijua. Wakifika miaka kumi, kumi na mmoja, wanapelekwa shule ya bweni, mbali. Kazi yangu, nikiisema bila kuipamba, ilikuwa kuwaandaa waondoke. Nilimwandaa Liza kwa miaka mitano, na siku ilipofika alimshika Mavumbi shingoni hata baba yake akaja kuwaachanisha kidole kwa kidole. Wakaahidiana barua. Mavumbi kusoma kulikuwa kunampa shida, kwa hiyo barua zilikuja kwangu: nilimsomea, akasema la kujibu, nikaandika. "Mwambie paka amezaa. Mwambie nilianguka ila sikulia." Hizo ndizo zilizokuwa barua zake.

Katikati ya mwaka ule, baada ya mavuno, Mavumbi akaingia unyagoni. Sitawaambia ya ndani, na anayetaka kuyaandika kwenye simu zenu hizi aandike yeye. Nitawaambia la nje tu, ambalo kila mtu analijua. Kwetu huku msichana akitolewa, anavishwa kanga mpya na anapewa jina jipya. Jina la utoto linabaki kulekule. Kumwita kwa jina lile ni kumwambia mbele za watu kwamba hajakua, na yeye haruhusiwi kuitika, kwa sababu akiitika amekubali. Lakini mtu anaweza kukosea, na dawa yake ipo: aliyekosea anampelekea somo wa binti yule, yaani mwanamke aliyemsimamia unyagoni, kuku mmoja, analitaja jina jipya watu wakisikia, basi. Watu wanacheka, kuku anapikwa, imekwisha. Hata babu zake mwenyewe hukosea. Mwaka wa kwanza wa mwali, kuku huwa wengi.

Mavumbi akatoka akiitwa Zuhura. Somo wake alikuwa mama yake mdogo, Mama Salima, mwanamke asiyecheka ovyo.

Tangu atoke hakuja tena kuandikisha barua, kazi za nyumbani zilimbana, nikakaa mwenyewe kumwandikia Liza. Mama yake akanikuta mezani. Alisimama nyuma ya kiti changu, akasema kwa upole, "Mwalimu, tafadhali, usimwandikie habari za unyago. Shuleni analia kila siku. Akijua mwenzake anafanyiwa sherehe na yeye hayupo, hatatulia." Macho yake yalikuwa mekundu. Naye alikuwa mama aliyepeleka mtoto mbali, sitaki mumwone mbaya.

Mwalimu mkuu wangu wa kwanza, mzee aliyevaa kaptula mpaka siku ya kustaafu, aliwahi kuniambia, "Binti, mwalimu anayemwogopa mzazi amekwisha kufukuzwa kazi, bado barua tu." Nilicheka alipolisema. Siku ile mezani nilimwogopa mzazi. Nikajiambia pia kwamba mambo ya unyago hayasemwi kwa asiyeingia, na kweli hayasemwi, lakini jina si la ndani, jina ni la barabarani. Nilijificha nyuma ya mila ili nisigombane na mwajiri. Nikaandika kwamba paka wamekua na baridi imeingia.

Mwezi wa Desemba Liza akaja likizo. Amerefuka, nywele zimekatwa. Hata hakunywa chai. Aliuliza Mavumbi yuko wapi, yaya akamwambia bombani, naye huyo, mbio. Mimi nilikuwa ndani nafungua kasha la vitabu. Nilichelewa kusikia, na niliposikia nikatoka nakimbia na kiatu kimoja.

Foleni ya maji siku hiyo ilikuwa ndefu, ndoo zimepangwa mpaka barabarani, wanawake labda thelathini. Zuhura alikuwa katikati, amejifunga kanga yake vizuri, amesimama kama walivyomfundisha kusimama. Liza akaliita lile jina kutoka mbali, kwa sauti yote aliyokuwa ameiweka kwa mwaka mzima.

"Mavumbiii! Mavumbi, nimerudi!"

Foleni nzima ikageuka. Niliona Zuhura anainua uso, niliona furaha imekwisha kufika mdomoni, halafu nikaona anaimeza. Mama Salima alikuwa nyuma yake. Hakumgusa, alisema tu, "Chukua ndoo yako." Zuhura akachukua ndoo, maji hata hayajafika nusu, akapita mbele ya Liza akitazama chini. Liza akamfuata hatua mbili, akamwita tena, jina lilelile. Wanawake wakaguna. Mmoja akaniambia pembeni, bila ubaya wowote, "Mwalimu, kesho tunakula kuku wa mzungu." Walijua ni mtoto, walijua ni mgeni wa jambo lile. Walikuwa wanangoja kuku wacheke.

Mchana Liza alinijia barazani, pale alipojifunzia kusoma. Alikuwa hana machozi, na hilo lilinitisha zaidi.

"Mwalimu, nimemkosea nini Mavumbi?"

Vijana wangu, jibu lilikuwa mdomoni. Ni maneno machache, mtoto wa miaka saba angeyaelewa. Mama yake alikuwa dirishani anakunja nguo. Nikasema, "Hujamkosea kitu. Watu wanakua."

Jioni nilijitahidi kidogo. Nilimwendea mama, nikamweleza habari ya jina na kuku. Akafikiri sana. Akasema, "Mwache tu, Mwalimu. Akimsahau, itakuwa rahisi kwake huko shuleni." Nikasema ndiyo. Nilijiambia kesho nitamwambia Liza kimyakimya. Kesho yake ikaja habari kwamba babu yake kwao ni mahututi, nyumba ikageuka masanduku matupu, na keshokutwa asubuhi gari likateremka kwenda Masasi na wote ndani. Nilimpungia mkono. Alikuwa anatazama upande wa bombani.

Jua lilikuwa halijapanda sana aliponijia Zuhura. Alipitia mlango wa nyuma, na chini ya kanga kulikuwa na kitu kinachotikisika. Akafungua. Mtemba wa kuku, jike ambaye hajataga bado, mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Huyu ni wangu mwenyewe, nilipewa nilipotoka. Mama mdogo hajui. Mpe Liza, amlete kwetu aseme ni wake. Labda hana kuku, ndiyo maana haji. Aseme jina langu tu, basi."

Nikamwambia wameondoka. Akauliza wameenda wapi. Nikamwambia kwao, na kwamba sijui kama watarudi. Alisimama pale kitambo, anampapasa kuku kichwani kwa kidole kimoja. Kisha akamfunika tena, akasema, "Haya, Mwalimu," akarudi kwao. Nimewahi kufiwa na mume, na nimewahi kumzika ndugu yangu wa tumbo moja. Lakini nikikaa peke yangu, kinachonijia mbele ya macho ni mgongo wa mtoto yule akipita kwenye mikorosho.

Hawakurudi. Barua za Liza zilikuja kama mwaka mmoja, nzuri, za adabu, na ndani yake hamna tena jina la mtu yeyote wa huku. Halafu zikakoma. Zuhura nilikutana naye njiani mara nyingi, akaniamkia, nikaitika, akapita. Aliolewa, akapata binti, akalima korosho zake. Nilikuwa na nafasi elfu ya kumwambia kwamba Liza hakujua, kwamba aliyejua ni mimi. Sikumwambia. Kadiri miaka ilivyopita ndivyo nilivyoona ni aibu kuanza. Kisha akaugua, hakuchukua muda, na nikaenda kwenye matanga nikakaa kwenye jamvi pamoja na wengine kama mtu asiye na deni lolote.

Binti yake alipojifungua mtoto wa kike, jina likarithiwa, kama ilivyo desturi yetu. Mtoto akaitwa Zuhura, na ndugu wote wanamheshimu kama yule aliyelala.

Mwaka jana simu yangu ikalia, namba ndefu. Sauti ya mwanamke mtu mzima, Kiswahili kimepata kutu, lakini alipotaja mtoto akasema "ntoto", na nikamjua kabla hajajitaja. Alikuwa amepata namba yangu kwa muuguzi mmoja mzee wa misheni. Tuliulizana hali, ya wazazi wake, ya miguu yangu. Halafu akaniuliza swali lilelile. Zaidi ya miaka arobaini, na maneno hayakubadilika.

"Mwalimu, nilimkosea nini Mavumbi?"

Safari hii hapakuwa na mtu dirishani. Nilimwambia yote: unyago, jina, habari niliyoiacha nje ya barua, foleni, na mtemba mwekundu chini ya kanga. Nilimwambia pia kwamba Zuhura hayupo.

"Kwa hiyo," akasema, "ilikuwa kuku tu?"

"Ndiyo, mama. Kuku tu."

Akaja. Alishukia Masasi, akalala kwangu, asubuhi tukaenda sokoni akachagua kuku mwenyewe, akakataa wote mpaka akapata mwekundu. Mimi nikanunua wangu. Hakuuliza kwa nini. Tukapanda Newala kila mmoja na wake miguuni, na kuku hao njia nzima wanagombana, mpaka tukacheka, mama wawili wenye mvi.

Mama Salima sasa ni mzee sana, lakini macho yake ni yaleyale. Tulimkuta uani na binti wa Zuhura, na mtoto mdogo anacheza na mbegu za korosho. Liza akapiga magoti, akamwamkia, akamweka kuku mbele yake kwa mikono miwili. Akasema, "Mama, nilikuwa sijui. Nimechelewa."

Mama Salima akamshika kuku mbawa, akampima uzito kama anayepokea kitu cha jana. "Umechelewa kweli, mwanangu. Lakini kuku wa jina haozi. Haya, mwite."

Liza akainua uso, akaita.

"Zuhura."

"Abee!" akaitika yule mtoto wa mbegu za korosho, akaja mbio, akasimama mbele yake kungoja kutumwa. Liza alimshika, na mimi nikageuza uso. Mama Salima hakulia. Alisema tu, "Ameitika. Basi imekwisha."

Ndipo nikamsogeza kuku wangu. Nilikuwa nimejiandaa maneno tangu Masasi, mwalimu hakosi maneno. Nikaanza, "Mama Salima, na mimi..."

Aliuinua mkono wake. "Huyo wako rudi naye, Mwalimu."

"Nipokelee, mama. Nilikosa."

"Kuku ni wa asiyejua," akasema. Hakuwa na hasira, alikuwa anafundisha. "Wewe ulikuwa unajua. Kwa anayejua, sisi hatuna kuku. Na wa kukusamehe simwoni hapa."

Nilirudi naye mapajani. Liza amekwisha kwenda kwao, anampigia Zuhura mdogo kila Jumapili, na mtoto anamsimulia habari za paka. Kuku wangu ndiye huyu anayeparua uani. Anataga vizuri tu. Mayai nagawa kwa majirani, mimi siyali, na yeye mwenyewe bado sijapata wa kumpa.